Kupeleka watoto chanjo bila kuzungushwa: hatua kwa hatua toka kwa nesi wa chumba cha sindano

Mimi ni nesi, nipo upande wa chanjo kwenye kliniki ya mama na mtoto hapa Tanzania, na sindano yenyewe mjue haimalizi hata dakika. Shughuli yote iko kabla na baada. Mama anatoka kwake na mmoja mgongoni mwingine anamvuta mkono, anafika saa tano jua limeshawaka, kadi kaiacha juu ya kabati, anaambiwa surua leo hakuna, anaondoka na hasira zake na wiki inayofuata haji. Sa tuyapange haya mambo.

Hatua ya 1: Soma kadi jana yake

Sio asubuhi ile ile, jana yake. Kadi ya mtoto ni ile RCH 1, usibebe ile ya ujauzito wako maana zinachanganywa sana. Tarehe ya kurudi mara nyingi tunaandika kwa penseli na penseli inafutika, kwaiyo ukipewa tu piga picha na simu, pande zote mbili za kadi.

Ratiba yetu kwa kifupi: akizaliwa anapata BCG ya kifua kikuu kwenye bega la kulia na matone ya polio. Wiki 6 anapata matone ya polio, matone ya rota kwa ajili ya kuhara, sindano ya penta paja la kushoto na ya nimonia (PCV) paja la kulia. Wiki 10 anarudia hayo hayo. Wiki 14 penta, PCV na polio tena, rota haipo, ila inaongezeka sindano ya polio, kwaiyo siku hiyo jiandae kisaikolojia, sindano ni 3. Miezi 9 surua-rubela, na miezi 18 surua-rubela ya pili.

Hiyo ya miezi 18 ndo inayosahaulika kuliko zote, mtoto ashaanza kukimbia uwanjani, mama karudi kazini, kadi haijulikani iko wapi. Penta moja ndani yake kuna kinga 5 (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na ile Hib inayoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo), kwaiyo mtu akikwambia mbona mtoto anachomwa sana mwambie bila hiyo angechomwa zaidi.

Hatua ya 2: Ulizia siku ya BCG na ya surua

Hapa ndo watu wanagombana na sisi, acha nieleze. Penta ni maji tayari, kichupa kikishafunguliwa kikakaa vizuri kwenye friji kinaweza kutumika hadi siku 28. BCG na surua-rubela ni unga, tunauchanganya na maji yake pale pale, na ukishachanganywa unatumika ndani ya masaa 6 tu, baada ya hapo kinachobaki kinamwagwa hata kama kichupa kimetumika kwa mtoto mmoja. Na kichupa kimoja cha surua ni dozi 10, ndo maana vituo vingi vinapanga siku maalum watoto wajae.

Kwaiyo pita siku moja kabla uulize, au piga simu kama una namba ya nesi yeyote pale. Ila umetoka mbali, mtoto umri umefika, na unaambiwa rudi alhamisi? Usiondoke kimya kimya, omba kumuona mkuu wa kliniki. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, dozi zilizomwagwa ni bei rahisi kuliko mtoto aliyeumwa surua. Ongea kwa upole tu, manesi nao wamechoka.

Hatua ya 3: Mavazi na mfuko

Mvalishe nguo inayofunguka haraka kwenye mapaja na bega. Ile romper ya vifungo 20 na soksi ndefu juu yake, hapana, acha ya picha. Kadi, pampas 2, khanga ya ziada, maji yako wewe unayenyonyesha, na kitu cha kutafuna kwa yule mkubwa. Mdogo wa chini ya miezi 6 hahitaji chochote zaidi ya ziwa, hata glukosi usimpe.

Mafua au kikohozi kidogo sio sababu ya kubaki nyumbani, njoo, tutamwangalia. Kama anachemka sana na amelegea njoo pia, ila hapo unakuja kutibiwa kwanza.

Hatua ya 4: Foleni

Fika mapema. Kadi unaweka mezani kwa mpangilio, mtoto anapimwa uzito, ndo mnaingia chumbani. Uzito usiuchukulie poa maana utautumia jioni, nitafika huko. Kina baba mnaoleta watoto, karibuni sana jamani, msikae nje kwenye bodaboda mkituma kadi kwa mama mwingine, ingieni.

Hatua ya 5: Chumbani, namna ya kumshika

Hii ndo kazi yako na hakuna anayeifanya badala yako. Kaa kwenye kiti usisimame. Mpakate kwa ubavu, mkono wake mmoja upite nyuma ya mgongo wako, ule mwingine uushike wewe, miguu yake ibane katikati ya mapaja yako kwa utaratibu bila kumuumiza. Mtoto aliyeshikwa nusu nusu ndo anarusha mguu sindano ikiwa ndani, hapo anaumia mara mbili.

Matone yanatangulia, akiwa bado ametulia anameza vizuri, rota ni tamu wengine wanalamba midomo kabisa. Akiyatema ya polio pale pale sema, tunarudia. Yakishaisha mweke ziwani, aendelee kunyonya wakati anachomwa, inapunguza maumivu kweli na wala hapaliwi kama wanavyosema mitaani. Baada ya sindano usisugue. Najua mkono unataka kusugua, usisugue.

Kama unapenda kujua unachochomewa, omba uone kichupa. Kina alama ya duara lenye kimraba katikati. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara chanjo iko sawa, kikifanana rangi na duara au kuwa cheusi zaidi imepata joto sana na haitumiki. Nesi anayejua kazi yake hakasiriki ukimuuliza hilo, mimi nafurahi kabisa.

Sasa ukiwa na wawili. Wa miaka miwili mitatu kaja kwa ajili ya vitamini A (kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5, kila baada ya miezi 6, na juni na desemba huwa inatolewa kwa mkupuo nchi nzima), yeye aanze, ni kidonge tu kinakatwa ncha anakamuliwa mdomoni, alafu atoke nje na mtu kabla mdogo hajaanza kulia. Kama mkubwa ndo mwenye sindano, aanze yeye pia, akisikia kilio cha mwenzie ashapanda mlangoni huyo humpati. Na usimwambie haiumi. Mwambie itauma kidogo na itaisha. Na ile ya "ukilia nesi atakuchoma", jamani, mnatuharibia, mtoto anakua anaogopa kila mwenye koti jeupe.

Hatua ya 6: Usikimbie

Kaa kwenye benchi kama nusu saa. Mzio mkali ni nadra sana lakini ukitokea unatokea mapema, bora ukiwa hapo kuliko kwenye daladala. Muda huo huo angalia kadi yako, kila alichopata kimeandikwa tarehe? Hakijaandikwa, rudi mlangoni.

Hatua ya 7: Nyumbani

Siku ya kwanza na ya pili baada ya penta joto kupanda kidogo, paja kuwa gumu, kulialia, ni kawaida. Mvue nguo nzito, mnyonyeshe mara nyingi. Panadol ya maji usimpe kabla ya sindano kwa kujihami, mpe akichemka, na dozi inaenda kwa uzito, ule uzito wa leo kwenye kadi, kwaiyo kabla hujaondoka kliniki muulize nesi mililita ngapi kwa kilo za mtoto wako. Usikisie kwa kijiko cha chai. Aspirini kabisa usimpe.

Bibi wa mtoto atataka kukanda paja kwa maji ya moto. Mheshimu bibi, ila kitambaa kisafi cha maji ya baridi kinatosha, moto unaongeza uvimbe, na kuna watoto wanaletwa wameungua.

BCG ina tabia yake. Wiki kadhaa zikipita begani kinatokea kipele, kinatoa usaha, kinapasuka, kinapona polepole na kuacha kovu. Hicho sio jipu. Usikamue, usipake mafuta wala unga wa kidonge, mwogeshe kama kawaida na upakaushe. Surua-rubela nayo homa yake haiji siku ile, inaweza kuja baada ya wiki moja au zaidi na vipele vidogo, mama kashasahau habari ya chanjo anashangaa.

Rudi kituoni haraka, hata usiku, ukiona degedege, kilio kisichokatika zaidi ya saa 3, kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, au homa inayozidi siku 2.

Hatua ya 8: Ukichelewa, ukihama, kadi ikipotea

Umechelewa? Hatuanzi upya. Tunaendelea pale ulipoishia, tunachoangalia ni wiki 4 zipite kati ya dozi na dozi ya penta. Njoo tu, kama kuna wa kukugombeza mwache aongee, mtoto achanjwe.

Umehama mkoa, chanjo za serikali ni zile zile na hazilipiwi, beba kadi. Kadi imepotea, nenda kituo alichoanzia, jina lipo kwenye rejista, sema mwezi aliozaliwa watafute, na ile picha ya kwenye simu hapo ndo utaiona faida yake.

Na kampeni, kama ile ya polio ya mlango kwa mlango ya 2022 baada ya Malawi kupata mgonjwa, au ya surua-rubela ya februari 2024, hizo ni za nyongeza. Mtoto aliyepakwa wino kidoleni kwenye kampeni bado anatakiwa kumaliza za kwenye kadi, na aliyemaliza za kwenye kadi bado anapata ya kampeni, haimzidii chochote.