Somo: Umeambiwa familia haistahili Medicaid? Anza na mtu mmoja mmoja

Hili ni kwa ndugu walioko Marekani ambao waliomba Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, wakapokea barua ya "hamstahili", wakaikunja, wakakaa kimya. Kuna watu wanaishi na presha isiyopimwa mwaka wa pili sasa kwa sababu ya neno hilo moja. Barua ile inamhusu mtu fulani na mpango fulani. Haihusu nyumba nzima.

Hatua ya 1: Orodhesha watu wa nyumbani

Chukua karatasi, andika jina la kila mtu. Mbele ya jina weka umri, aina ya makaratasi na tarehe aliyoyapata, kama ni mjamzito, na kama kazini kwake kuna bima. Nyumba moja inaweza kuwa na baba asiye na makaratasi, mama mwenye grini kadi ya mwaka jana, na mtoto aliyezaliwa hapa hapa, raia kamili. Kila mmoja ana mlango wake.

Mtoto raia huombewa Medicaid au CHIP (bima ya serikali ya watoto ambao kipato cha nyumba kimezidi kidogo kile cha Medicaid) kwa kuangalia kipato cha nyumba. Mzazi ambaye hajiombei mwenyewe halazimiki kuandika hali yake ya uhamiaji wala namba ya Social Security. Wanachotaka kwake ni kipato. Wazazi wengi humnyima mtoto haki yake kwa kuogopa swali ambalo hawalazimiki kulijibu.

Mama wa grini kadi ndiye mwenye subira ya miaka 5 kabla ya kupata Medicaid, iliyowekwa na sheria ya 1996. Hata hivyo majimbo mengi yameiondoa kwa watoto na wajawazito wenye makaratasi halali, kwa hiyo ulizia la kwako. Wakimbizi hawakuwa na subira hiyo, ila sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inawatoa wengi wao kwenye Medicaid ya serikali kuu kuanzia 1 Oktoba 2026 kama bado hawana grini kadi. Walio katika kundi hilo wamwone mwanasheria wa uhamiaji mapema.

Hatua ya 2: Kazini

Bima ya mwajiri haina sharti la uraia. Ukioa, ukiolewa au ukipata mtoto, una angalau siku 30 za kumwingiza bila kungoja msimu wa usajili. Zikipita, utangoja.

Hatua ya 3: Jimbo lako

California, New York, Illinois, Washington na Oregon ni kati ya majimbo yanayowahudumia watoto bila kujali makaratasi. Kwa watu wazima milango imekuwa ikifungwa: Illinois ilimaliza mpango wake wa wenye miaka 42 hadi 64 katikati ya 2025, na California iliacha kusajili watu wazima wapya wasio na makaratasi Januari 2026. Kwa hiyo alichokwambia binamu miaka mitatu iliyopita kihakiki upya.

Hatua ya 4: Pasipo bima kabisa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mimi naona ndipo penye msaada mkubwa kuliko panavyosemwa.

Kwanza, vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu. Havitakiwi kumkataa mtu kwa kukosa uwezo wa kulipa, na bei hushuka kufuatana na kipato. Aliye chini ya mstari wa umaskini (kwa 2025 ulikuwa dola 32,150 kwa familia ya watu wanne) hulipa kidogo sana au halipi. Punguzo huendelea hadi mara mbili ya mstari huo. Nenda na hati za mshahara. Kama unalipwa taslimu, piga simu kwanza uulize wanakubali uthibitisho gani. Ulizia na dawa hapo hapo, maana vingi huziuza kwa bei ya chini.

Pili, dharura. Tangu 1986 sheria inaitaka hospitali yenye idara ya dharura na inayopokea Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) ikupime na kukutuliza hata kama huna senti wala makaratasi. Bili itakuja baadaye, lakini iko Medicaid ya dharura ambayo hulipia hali hizo, kujifungua kukiwemo, kwa mwenye kipato cha chini. Mtoto aliyezaliwa na mama aliyelipiwa hivyo hupata Medicaid mwaka wake wa kwanza.

Tatu, fomu ya msaada wa kifedha ya hospitali. Hospitali zisizo za faida zinalazimishwa na sheria ya kodi kuwa na sera hiyo kwa maandishi. Una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali kupeleka maombi, na kwa siku 120 za mwanzo hawaruhusiwi kukushtaki wala kuuza deni lako. Soma pia orodha ya madaktari wanaoguswa na sera, kwa sababu daktari wa usingizi anaweza kuleta bili yake pembeni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Mama ana miaka 68, amekuja juzi na grini kadi. Nimkatie bima ya wageni?*

Soma kwanza maandishi madogo: bima hizo kwa kawaida hazigusi maradhi aliyokuja nayo, na sukari na presha ndiyo yatakayompeleka hospitali. Medicare ataweza kuinunua akishakaa miaka 5 mfululizo. Kwa sasa anaweza kununua kwenye soko la bima la serikali, ndani ya siku 60 tangu apate hadhi hiyo. Kuhusu ruzuku ya kulipia bima hiyo, tangu 2026 mhamiaji aliye chini ya mstari wa umaskini haipati. Lakini ukimweka kama tegemezi wako kwenye kodi, kinachopimwa ni kipato cha nyumba yenu. Ongea na mtu wa kodi kabla hujajaza.

*Kanisani kuna mpango wa kuchangiana, bei nafuu. Vipi?*

Sio bima, dada. Hakuna sheria inayowalazimisha kulipa bili yako.

*Mimi naogopa. Nikiomba Medicaid ya dharura, uhamiaji hawatajua?*

Hofu yako ina msingi. Mwaka 2025 taarifa za watu wa Medicaid zilipelekwa idara ya usalama wa ndani, na kesi za kupinga hatua hiyo zikafunguliwa. Kanuni ya 2022 ya "mzigo kwa serikali" (inayopima kama anayeomba grini kadi atategemea misaada ya serikali) haihesabu Medicaid ya dharura, ila Novemba 2025 serikali ilipendekeza kuifuta kanuni hiyo. Muulize mwanasheria kabla ya kusaini. Fomu ya msaada ya hospitali ni mlango mwingine, ingawa baadhi ya hospitali hudai ujaribu Medicaid kwanza. Ila ukiumwa sana, nenda hospitali. Fomu hujazwa baadaye.

*Bili yangu ina miezi 5 na barua zote nilitupa.*

Miezi 5 ni kama siku 150, bado umo ndani ya zile siku 240 za kuomba msaada. Piga simu idara ya bili, omba bili yenye mchanganuo na fomu ya msaada, na uombe mkalimani kama Kiingereza kinakusumbua. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe.