Somo: Mashimo ya zai, ili mvua kidogo isikimbie shamba

Misimu ikikauka mfululizo, lawama zote huenda mawinguni. Lakini siku moja baada ya mvua kali, chimbua ardhi iliyofanya gamba uone: juu pamelowa, sentimita tano chini ni vumbi. Mvua ilikuja, ikateleza, ikaondoka na udongo. Zai ni mbinu ya kuchimba mashimo madogo yanayokusanya maji ya mvua, ya wakulima wa Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso. Yacouba Sawadogo, mkulima wa huko aliyefariki mwaka 2023, aliiboresha kwa kupanua mashimo na kuyatia samadi wakati wa kiangazi.

Inafaa ardhi ngumu yenye mteremko mdogo, penye mvua ya milimita 300 hadi 800 kwa mwaka. Kwenye udongo wa kichanga usijisumbue, kingo zitabomoka na maji yatazama chini ya mizizi. Bondeni panapotuama maji pia hapafai.

Hatua ya 1: Pima kontua, yaani mstari unaokata mteremko ukipita penye usawa mmoja. Funga miti miwili ya mita 2 iwe herufi A, weka upau katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha, tia alama kamba inapogusa upau. Geuza miguu ibadilishane nafasi, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo kamba itakapotulia miguu yote ikiwa usawa mmoja. Macho hayaaminiki hapa: mstari ukiinama kidogo tu, maji hukusanyika mwisho mmoja na kupasua kingo.

Hatua ya 2: Chimba kwenye mstari huo, mvua ikiwa bado mbali. Kipenyo sentimita 30, kina 15 hadi 20, na sentimita 75 kutoka kitovu cha shimo hadi kitovu cha jingine. Mstari unaofuata uanzie kwenye mwanya wa uliotangulia, kama matofali yanavyopishana ukutani. Udongo uwekwe upande wa chini wa mteremko, ukizunguka shimo kama mwezi mwandamo. Ukiuweka juu, umeyafungia maji mlango.

Nafasi kati ya mashimo usiilime. Hiyo ndiyo paa, shimo ni pipa. Fanya hesabu: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 hudondosha lita 1.4 tu ndani ya shimo lenyewe, lakini eneo lote linalolizunguka hupokea karibu lita 10. Nusu ya hizo zikitiririka ndani, mmea umepata zaidi ya mara nne ya ambacho ungepata bila paa hiyo.

Hatua ya 3: Samadi. Gramu 300 kwa shimo, iliyoiva, ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi huchoma miche na huleta magugu. Usijaze hadi mdomoni, acha sentimita 7 au 8 tupu za kushika maji. Mchwa wakifuata samadi kiangazi, waache: vijia vyao ndivyo vitakavyopitisha maji chini.

Hapa ndipo wengi hukwama. Hekta moja ina mashimo karibu 17,800, maana yake zaidi ya tani 5 za samadi. Anza na robo hekta iliyoshiba, hiyo itakulisha kuliko hekta nzima ya mashimo matupu.

Hatua ya 4: Panda. Subiri unyevu ufike sentimita 15 ndani ya shimo. Mvua ya kwanza hudanganya: mbegu huota, kisha jua la wiki mbili huua miche. Mtama weka mbegu 4 au 5, kina sentimita 3, baadaye punguza ibaki 2 au 3. Mahindi weka 3, bakiza 2.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, maji yamekaa shimoni siku tatu na mahindi yanageuka njano. Nifanyeje?*
Toboa ukingo wa chini kwa jembe yatoke leo hii, mizizi imekosa hewa. Baada ya mavuno chimba uangalie kitako cha shimo. Ukikuta tabaka gumu, livunje kwa sururu.

*Kila mwaka nichimbe upya?*
Hapana. Msimu wa pili zoa mchanga ulioingia, ongeza samadi, panda. Baada ya hapo chimba kwenye nafasi zilizobaki, na taratibu shamba lote litapata rutuba.

*Sina samadi, nina mbolea ya dukani. Inatosha?*
Inalisha mmea, lakini haisaidii udongo kushika maji. Tafuta mboji, hata ya majani na mabua yaliyooza. Mbolea ya dukani iongeze kidogo, kama kizibo kimoja cha chupa ya soda kwa shimo, udongo ukiwa umelowa, na isigusane na mbegu. Udongo mkavu ukitiwa mbolea hunyonya maji kutoka kwenye mizizi.

*Je, nitandaze nyasi shamba zima?*
Weka ndani ya shimo tu, miche ikishasimama. Ukitandaza kwenye nafasi za kati umeziba paa, maji hayatatiririka tena. Shamba zima litandazwe pale tu mvua inapotosha kulowesha ardhi yote, na hapo huna haja ya zai.