Jina la mtoto: namna tulivyofanya hapa Kadutu

Mimba ikifika miezi saba, anza kuuliza wazee, usingoje siku ya kuzaa. Mimi nilikaa na shangazi yangu hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu huku Kongo, akanipa majina ya Kishi, lugha ya Washi, na sababu ya kila moja. Mugisho ni baraka. Nsimire ni shukrani, na hilo ndilo nililolichukua, kwa kuwa binti yangu alikuja baada ya mimba mbili kutoka.

Kisha liite kwa sauti, kama unamwita mtoto aliye ng'ambo ya barabara.

Kabla ya kwenda etasivili, ofisi ya kuandikisha watoto waliozaliwa, liandike kwenye karatasi, herufi moja moja. Kaka yangu ni Cikuru. Kwenye cheti cha kuzaliwa waliandika Chikuru, kwenye diploma Cikuru, na mpaka leo kila ofisi inamdai maelezo. Basi soma cheti palepale mbele ya karani, usitoke kabla hajasahihisha. Sheria inakupa siku 90 tangu kuzaliwa kumwandikisha mtoto, lakini nenda wiki za mwanzo, mama akishapata nguvu.

Jina la ubatizo nilimwachia baba yake. Alichagua Grâce.