Ukitaka kuacha macho yako duniani: namna ya kujipanga ukiwa Tanga

Hili jambo naulizwa sana tangu nilipotamka barazani kwetu Ngamiani kwamba mie nikifa konea zangu zitolewe wapewe wenye shida. Mama aliacha kuchagua mchele akanitazama kama nimetukana, "Kwa hiyo siku ya kiama utapapasa?" Shangazi akacheka mpaka akapaliwa. Basi naandika mara moja kwa wote namna ya kufanya na wapi watu wanakosea, maana wengi wanadhani ni kujaza fomu tu ukamaliza, kumbe fomu ndio kitu kidogo kuliko vyote.

Tuelewane kwanza kinachotolewa ni nini. Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, kinachofunika ile sehemu nyeusi, upana wake kama milimita 11 au 12 na unene katikati ni nusu milimita tu. Mtazame mtu kwa ubavuni akiwa anaangalia dirishani utakiona kimebinuka kama kioo cha saa. Hakina mishipa ya damu, ndio maana mwili wa mtu mwingine unakipokea kwa urahisi kuliko unavyopokea figo. Sasa kikipata kidonda kikapona vibaya kinaacha lile doa jeupe ambalo wazee wanaliita chamba, mwanga haupiti tena hata kama jicho huko nyuma ni zima kabisa, na huyo ndiye anayesaidika na konea yako. Mtoto wa jicho ni kitu kingine, huo ni ukungu wa lenzi ya ndani na una operesheni yake isiyohitaji kitu cha maiti, na presha ya macho nayo ikishaharibu mshipa wa jicho hata umpe mtu konea kumi hataona. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu alishanifuata anataka nimuahidi bibi yake macho yangu, bibi ana mtoto wa jicho, nikamwambia mpeleke tu hospitali wewe, usingoje nife.

Chamba kwetu kinakujaje? Huko bara, Kongwa na kwingine, sababu kubwa ilikuwa trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukizana, kope zinageukia ndani zinakwaruza. Kuna watoto waliougua surua wakiwa na upungufu wa vitamini A. Huku kwetu mie nitakutajia mkonge. Ncha ya jani la mkonge ni nyeusi, ngumu kama msumari, mjomba wangu ilimchoma jicho akiwa ameinama anafunga mzigo, akarudi nyumbani akakamuliwa majani fulani ndani ya jicho, siku ya tatu halifunguki. Jicho likichomwa na mmea mara nyingi wanaoingia ni fangasi, na fangasi hawaondoki kwa yale matone unayonunua dukani kwa kusema tu "nipe dawa ya macho". Mjomba mpaka leo jicho la kulia ni kama limepakwa maziwa, anatofautisha usiku na mchana basi.

Na chokaa. Hii inanichekesha na kunitisha kwa pamoja, mgonjwa wa kwanza kabisa duniani kuwekewa konea ya mtu na ikakubali, tarehe 7 Desemba 1905, alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Aliitwa Alois Glogar, daktari ni Eduard Zirm, mji ni Olomouc ambao leo uko Ucheki, na konea ilitoka kwa mtoto wa miaka 11 ambaye jicho lake liliumia ikabidi litolewe. Macho mawili yalifanyiwa, moja likashika. Chokaa hiyohiyo tunayopakia kuta zetu Pongwe na Makorora, kwa hiyo fundi ikikuingia usikimbilie bodaboda kwanza, fungua jicho kwa nguvu umwagie maji safi mengi nusu saa nzima, ndio uende.

Haya, umeamua. Swali la kwanza ni masaa, wala usianze na dini wala karatasi. Konea inatakiwa itoke haraka baada ya kufa, sehemu nyingi wanahesabu ndani ya masaa 6 hivi kama mwili hauko kwenye baridi. Kama mtoaji anatokea Dar, Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350, gari mwendo wa masaa matano na zaidi, piga hesabu mwenyewe. Ndio maana nakwambia nenda kliniki ya macho, hapa mjini ni hospitali ya Bombo, na ukisafiri pitia idara ya macho hospitali ya KCMC Moshi au CCBRT au Muhimbili kule Dar, ukaulize swali moja lililonyooka: nikifia Tanga nani anakuja kutoa, anatokea wapi, anafika baada ya masaa mangapi, na namba ya kumpigia usiku ni ipi? Usikubali kujibiwa "tutaangalia". Mie sehemu moja niliyouliza, nesi alidhani nataka kuuza jicho, akaniita pembeni kaniuliza kwa huruma nina deni la shilingi ngapi. Hakuna kuuza hapa, hakuna hata senti, na anayekuambia kuna hela mkimbie. Nairobi, Loresho, hospitali ya Lions wana benki ya macho, kwa hiyo kama una ndugu anaishi huko mambo yake ni mepesi zaidi kuliko yako.

Umri usikutishe. Uwe mzee, uvae miwani, uwe na kisukari au presha, uwe ulishatolewa mtoto wa jicho, yote hayo kwa kawaida hayakuzuii. Hata kipofu ambaye ugonjwa wake uko nyuma ya jicho konea zake zinaweza kuwa nzima. Wanaokataliwa ni wenye UKIMWI, homa ya ini B au C, kichaa cha mbwa, saratani ya damu, au waliokufa kifo ambacho hakijulikani sababu, na ndio maana wakija wanachukua na damu kidogo ya marehemu wakapime. Kwa hiyo familia isishangae kuona sindano.

Sasa dini, maana Tanga hii huwezi kuiruka. Jumuiya ya mafakihi ya nchi za Kiislamu ilikaa Jeddah mwaka 1988 ikaruhusu kuchukua kiungo cha maiti kumsaidia aliye hai, kwa sharti marehemu awe ameridhia kabla au warithi wake waridhie. Wapo masheikh wanaokataa, wanashika ile hadithi ya kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja wa aliye hai, na mie sio wa kuwabishia. Ushauri wangu nenda kwa imamu wako mwenyewe, yule atakayekusalia, umuulize ungali hai, usimwachie mama yako aulizwe siku ya msiba huku watu wamejaa uani. Wakatoliki nao Papa Yohane Paulo wa Pili aliwasifu wanaochangia viungo, Roma mwaka 2000, kasema ni tendo la upendo. Kule Sri Lanka Mabudha wao wameanza zamani, chama cha Dokta Hudson Silva cha tangu 1961 kinatuma konea nchi za nje mpaka leo, wakati sisi kitu hicho tunazika.

Halafu warithi. Hapa ndipo inapofia kila mara. Hata uwe umesaini wapi, siku hiyo anayeamua ni aliyekaa karibu na kitanda, akisema "mwacheni mtoto wangu apumzike" hakuna daktari mwenye akili atakayebishana naye. Kwa hiyo usimwambie mtu mmoja tu, ongea na wote ambao wanaweza kuwa pale, mke au mume, mama, kaka mkubwa, na baba mdogo yule anayependa kusimamia misiba, huyo hasa, ukimsahau huyo atakuharibia kwa kujisikia hakushirikishwa. Waambie kinachoogopwa zaidi: uso hauharibiki. Kazi ni dakika 15 au 20 hivi, mara nyingi wanatoa kile kioo tu, na hata wakitoa jicho zima wanaweka kitu ndani na kope zinafumbwa, mtu atakayeaga hatajua. Maziko hayacheleweshwi, aliyefariki alfajiri bado anazikwa baada ya adhuhuri kama kawaida.

Usiku wenyewe mnafanya nini. Mfumbe macho marehemu, jambo ambalo sisi tunalifanya tangu enzi, sema tu hapa lina kazi ya pili, jicho lililobaki wazi linakauka. Lowesha pamba safi kwa maji safi, weka juu ya kope zilizofumbwa. ZIMENI FENI. Narudia kwa sababu nimeona, joto la Tanga mtu akifa kitu cha kwanza watu wanawasha feni inampuliza usoni, na konea ikikauka imekwisha. Ukiwa na eisii washa, feni hapana. Kichwa kiinuliwe kwa mto mmoja au miwili ili damu isijae usoni. Mmoja apige ile namba muda huohuo, kabla ya kupigia ndugu wa Muheza na Pangani, na muoshaji aambiwe asubiri timu imalize, kisha akiosha asisugue kope, apitishe maji taratibu.

Konea inapelekwa kwenye dawa maalumu ya baridi ambako inakaa mpaka kama wiki mbili, ikitafutiwa mtu. Macho mawili, watu wawili. Watafiti walipohesabu dunia nzima mwaka 2012 waliona kwa kila konea moja inayopatikana kuna watu 70 wanaoihitaji. Aliyewekewa naye ana kazi, nyuzi alizoshonewa ni nyembamba kuliko unywele na zinaweza kukaa mwaka na zaidi, matone anaweka miezi mingi, akiona jicho jekundu, linauma, mwanga unamchoma au ukungu umerudi aende hospitali siku hiyohiyo asingoje Jumatatu. Na hapana, hataota ndoto zako wala hatakuwa na rangi ya macho yako.

Mwisho karatasi. Andika kwa mkono jina lako, unachotoa, tarehe, saini, mashahidi wawili wenye namba zao, na ile namba ya usiku kwa herufi kubwa, chini yake uandike na lile la kuzima feni. Usiifungie kabatini na hati ya kiwanja, kabati linafunguliwa baada ya arobaini. Yangu iko nyuma ya mlango wa jikoni chini ya kalenda. Mama hajasema ndio mpaka leo, ila juzi nimekuta neno nililokosea kuandika amelikata kwa kalamu akaliandika juu yake vizuri, na pale penye feni amepiga mistari miwili.