Mafumbo ya hesabu kwa watoto wa awali: kisa kwanza, alama baadaye

Mtoto wa miaka 5 anaweza kufumbua fumbo la hesabu kabla hajajua kuandika namba wala alama ya kujumlisha. Anahitaji kisa anachokielewa na vitu vya kushika. Darasa likikwama, mwalimu akikague kisa chake kabla ya kumlaumu mtoto.

Hatua ya 1: Vifaa

Kila mtoto apate vitu 10 vya aina moja: vizibo vya soda vilivyogongwa kingo zisikate, vipande vya magunzi ya mahindi, au koni za paini kwa walio Mufindi. Maharage hatuyapendekezi. Yanaingia puani, na asubuhi za Juni na Julai kule Makete na Njombe vidole vya watoto vinakufa ganzi kwa baridi, kitu kidogo hakishikiki.

Tafuta pia trei ya mayai 30. Ina safu 6 za mashimo 5. Ikate kila baada ya safu 2, utapata vipande 3 vyenye mashimo 10 kila kimoja. Mtoto akiweka kitu kimoja kila shimo, hatahesabu kile kile mara mbili, na taratibu atazoea kwamba safu iliyojaa ni 5 bila kuhesabu upya.

Hatua ya 2: Pima kwanza

Mwambie, "Nipe vizibo vinne." Akihesabu akapitiliza mpaka vizibo viishe, anaimba namba tu. Akikupa vinne, uliza, "Umenipa vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajatambua kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. Mtume vitu kwa siku kadhaa, "lete vijiko vitatu", kabla ya kumpa fumbo lolote.

Hatua ya 3: Tunga kisa

Sentensi tatu zinatosha: kilichopo, kilichotokea, swali. *Sekela ana ndizi tatu. Bibi akampa ndizi mbili. Sasa Sekela ana ndizi ngapi?* Jumla isizidi 5 mwanzoni.

Ndizi tumezichagua kwa sababu. Mtoto anahesabu "moja, mbili, tatu", na ndizi nazo ni mbili, ni tatu. Viazi ni viwili, mapera ni mawili, watoto ni wawili, kisha wakifika sita neno halibadiliki tena: viazi sita, mapera sita, watoto sita. Anayezungumza Kisafwa, Kinyakyusa au Kihehe nyumbani anaweza kukwama hapo, mwalimu akadhani hesabu imemshinda. Wiki ya kwanza tumia ndizi na karoti pekee, viazi vije baadaye.

Anza na visa vya kuongezewa, kisha kupungukiwa (*Lusajo alikuwa na ndizi tano, akala mbili*), kisha makundi mawili yaliyopo tayari: mbuzi wawili weusi na watatu weupe.

Hatua ya 4: Simulia

Mara ya kwanza wasikilize mikono ikiwa mapajani. Mara ya pili, baada ya kila sentensi wasogeze vizibo kufuata kisa. Kisha mmoja akisimulie kwa maneno yake. Akisahau, fupisha kisa. Mafumbo 3 kwa dakika 15 yanatosha.

Usiwafundishe kwamba wakisikia "akaongezwa" basi wajumlishe. Hili ndilo kosa linaloharibu zaidi. Siku watakapokutana na *Sekela ana ndizi tatu, akaongezwa nyingine, sasa anazo tano, ameongezwa ngapi?* watajibu nane bila kufikiri. Kuwapima, tega mara moja kwa wiki: *Mbuzi wanne wako malishoni. Ng'ombe wawili wako zizini. Mbuzi wangapi wako malishoni?* Anayejibu sita anaokota namba, hasikilizi kisa.

Kulinganisha nako kunasumbua. Ukiuliza, "Sekela mwenye tano amemzidi Lusajo mwenye tatu kwa ndizi ngapi?", wengi watasema tano, ile namba kubwa waliyoisikia. Geuza swali: *Watoto watano, ndizi tatu. Kila mtoto achukue moja. Watoto wangapi watakosa?* Panga vizibo vya watoto safu moja, vya ndizi chini yake, kimoja kwa kimoja. Wasio na ndizi wanaonekana kwa macho.

Hatua ya 5: Kuchora, kisha namba

Wanaofumbua kwa vizibo bila kusaidiwa wachore viduara, na cha kupunguza wakikate kwa mstari. Usidai picha ya ndizi yenye maganda, muda utaisha kwenye uchoraji. Alama za + na = ziandikwe chini ya mchoro ambao mtoto ameshaueleza mwenyewe. Baadaye mwandikie 3 + 2 = 5 peke yake na umwombe akutungie kisa chake. Akikosa kisa, mrudishe kwenye trei.