Kabla Hujaandika "Drucker Alisema"

Hotuba za mwenyekiti wetu naziandika mimi. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Moshi, na mkutano mkuu ukikaribia mwenyekiti huniambia, "Mama Neema, tia na maneno ya wasomi." Mwaka juzi nikatia ya gwiji wa vitabu vya uongozi: "Kama alivyosema Peter Drucker, kinachopimwa ndicho kinachosimamiwa." Nilikuwa nawalenga wadaiwa sugu. Mwalimu mmoja mstaafu akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, alisema wapi, na lini?" Mwenyekiti akanitazama mimi, na mimi nikaitazama soda yangu.

Baadaye niligundua kwamba taasisi yenye jina la Drucker mwenyewe, iliyoko Claremont, California, ilishaeleza kuwa hakuwahi kuyasema maneno yale. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu.

Kwanza irudishe nukuu kwenye Kiingereza. Drucker alizaliwa Vienna mwaka 1909, akahamia Uingereza 1933 na Marekani 1937, na vitabu vilivyompa jina katika mambo ya uongozi aliviandika kwa Kiingereza. Tafsiri uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp haitakufikisha popote. Kisha uliza ni ya mwaka gani. Nukuu isiyo na mwaka wala kitabu, iliyoandikwa juu ya picha ya machweo, mimi huihesabu ni yatima mpaka wazazi wajitokeze.

Vitabu visipokupa jibu, nenda kwenye nyaraka zake. Alifundisha Claremont kuanzia 1971, akafariki hukohuko Novemba 2005. Barua, hotuba na rasimu zake nyingi zimeskaniwa na kuwekwa kwenye maktaba ya kidijitali ya vyuo vya Claremont, na kuzisoma ni bure. Bando tu ndilo litakalokuuma, maana kurasa za skani ni nzito. Mimi humsubiri mwanangu anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika, pale Barabara ya Sokoine, aniteremshie.

Katika kutafuta, usiandike sentensi nzima. Chagua maneno mawili au matatu adimu. Ukiandika neno la Kiingereza la "uongozi" peke yake utaletewa gunia zima, kwani mtu huyu aliandika mengi mno juu yake. Na usikate tamaa upesi: mashine inayosoma karatasi za taipureta zilizofifia hukosea herufi, hivyo badilisha neno moja ujaribu tena.

Ukiipata barua, usikimbilie katikati. Soma tarehe, soma jina la anayeandikiwa, shuka kwenye sahihi, ndipo urudi kwenye maneno. Kuna jibu lake maarufu kwa mtafiti Mihaly Csikszentmihalyi, aliyekuwa akihoji watu wabunifu. Drucker alikataa kuhojiwa, akaongeza kuwa siri mojawapo ya kufanya kazi nyingi ni kuwa na kapu kubwa sana la taka la kutupia mialiko kama huo. Ukiyanyofoa maneno hayo, utawaambia wajumbe kwamba gwiji wa uongozi aliagiza barua zitupwe, na masjala yetu itakuwa imekwisha. Ukijua anamjibu nani na kwa nini, unaona mzee mwenye shughuli nyingi akikataa kwa utani.

Hotuba zinahitaji uangalifu zaidi, na hapa nasema kama mpishi wa hotuba. Ile iliyomo kwenye faili langu siyo waliyoisikia watu. Mwenyekiti huruka ukurasa wa tatu, akaingiza habari za kahawa ya babu yake na enzi za KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, akamalizia kwa kusifu pilau. Kwa hiyo angalia kama karatasi uliyonayo ni rasimu, ni nakala iliyochapwa baada ya tukio, au ni maandishi ya msikilizaji. Ikiwa ni rasimu, andika "katika rasimu ya hotuba ya mwaka fulani". Usiandike "alisema".

Ukishaona, nakili papo hapo: aina ya waraka, tarehe, aliyeandikiwa, ukurasa, na maneno yenyewe ya Kiingereza chini ya tafsiri yako. Nilishawahi kuacha "nitanakili kesho", nikaitafuta barua ileile wiki nzima.

Na usipoona? Usitangaze kwamba hakusema, kwa sababu si kila karatasi imeskaniwa. Ondoa jina lake tu. Wazo likiwa zuri litasimama kwa miguu yake; likianguka, basi lilikuwa linashikiliwa na jina.

Mwaka huu nimetumia moja yenye mzazi: katika kitabu chake cha 1954 kuhusu kazi ya uongozi, Drucker aliandika kwamba lengo la biashara ni kumtengeneza mteja. Kwetu inabana kidogo, kwa sababu mteja wa ushirika ndiye mwenye chama, na hilo nimelisema wazi ndani ya hotuba. Mwalimu alinyoosha mkono tena. Nikampelekea karatasi ya chanzo, ambayo siku hizi naibana kwa pini nyuma ya kila hotuba. Akavaa miwani, akaisoma yote, akauliza kwa nini gawio limechelewa.