Kayaki ikiyumba, legeza kiuno

Siku ya kwanza napanda kayaki, kile kimtumbwi cha kupiga kafi, kwenye kriki ya Kilifi nilianguka hata kabla sijapiga kafi moja, maji yenyewe yalikuwa magotini tu, na vijana wa mitumbwi waliokuwa ufuoni wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kayaki haikuwa na shida. Mimi ndo nilikuwa nimekaza mwili mzima kama mtu anayesubiri sindano. Ukijikaza hivo we na chombo mnakuwa kipande kimoja, kikilala ubavu na we unalala nacho, basi mmezama wote.

Kama ushaona wamama wakicheza chakacha harusini tayari somo unalo: kiuno kinazunguka, mabega yametulia, kichwa kama kimebeba mtungi. Kayaki ni hivohivo. Chini iache icheze, juu utulie.

Kwanza chombo. Anza na zile za plastiki za kukaa juu, pana, sentimita kama 75 hadi 80 hivi kwa upana. Zile nyembamba za safari za baharini, ambazo nyingi hazifiki hata 60, zinayumba ukizikalia tu na mtu mgeni zinamtia uoga bure, ingawa ukweli ni kwamba kwenye mawimbi zinatulia vizuri kuliko hizo pana, manake wimbi likija ubavuni ile pana inalala pamoja na wimbi lakini nyembamba unaweza kuisimamisha na kiuno. Hayo ya baadaye lakini.

Halafu chagua maji. Nenda asubuhi mapema upepo haujaamka, na angalia mwezi: siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakimbia sana, we subiri maji mafu, zile siku maji hayakimbii sana, na ingia karibu na saa maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Laifujaketi vaa na uifunge, sio kuikalia kama mto (nawajua mnaofanya hivo).

Kupanda wengi ndo hapo wanaangukia, wanasimama ndani kama wanapanda matatu. Usisimame. Maji yakifika mapajani, simama ubavuni, geuka uipe kayaki mgongo, tupa makalio katikati ya kiti, kaa kidogo itulie, ndo uingize miguu mmoja mmoja. Sasa kaa wima, usiegemee nyuma kama uko sebuleni, nyayo zikanyage pale pa kukanyagia, magoti yakunjwe kidogo na yafunguke kwenda pembeni. Pua na kitovu viwe mstari mmoja. Kichwa ni kizito, kilo 4 au 5 hivi, kikitoka nje ya chombo kinakuvuta nacho, ndo maana anayechungulia samaki kila mara ndo anayeloa.

Sasa zoezi lenyewe, na hili usiliruke. Weka kafi mapajani, mikono iache, afu nyanyua nyonga ya kulia, shusha, nyanyua ya kushoto, shusha, taratibu mpaka kayaki inabembea na maji yanalamba pembeni lakini kichwa hakijasogea. Angalia mikoko ya ng'ambo, sio miguu yako. Dakika kumi hivi. Mwanzoni utahisi unapinduka kila ikilala kidogo, baadaye utashangaa kumbe inaweza kulala sana na isikumwage.

Baada ya hapo anguka. Ndiyo, makusudi, sehemu ambayo unasimama chini unafika, jiangushe mara tatu nne. Uoga wa kuanguka ndo unaokaza mwili, na mwili uliokaza ndo unaoangusha, kwa hiyo maliza huo uoga mapema. Kurudi juu: kama imepinduka, pitisha mkono juu ya tumbo la kayaki, shika ukingo wa upande wa pili, vuta ije kwako. Ikishakaa sawa piga miguu kama unaogelea mpaka mwili uelee, jivute ulale kifudifudi kukatiza kiti, geuka ukae, miguu mwisho. Ukijaribu kupanda wima kama ngazi unaivuta ikufunike tena, mimi shahidi. Zile za kuingia ndani zenye ile sketi ya kuziba maji usiziguse bila mwalimu aliyekufundisha kuvuta ule ukanda wa mbele ukiwa kichwa chini.

Kafi nalo ni mguu wa tatu. Mtu akishtuka hulinyanyua juu, yaani anatupa kitu pekee kilichokuwa kinamshika. Ukihisi unaanguka kulia, shusha kafi lilale mbele ya tumbo, viwiko juu yake kama unasukuma meza chini, piga maji kulia na mgongo wa bapa, paaa, na hapohapo nyanyua nyonga ya kulia irudishe kayaki. Kichwa ndo kinarudi mwisho. Kila mtu anataka kuwahisha kichwa, na kila anayewahisha kichwa anaenda majini.

Mzigo weka chini katikati, kama farumi, ule uzito wa chini wa kutuliza chombo, kwenye jahazi. Maji ya kunywa na nazi za rafiki yako visikae juu juu.

Boti ya injini ikipita usiache kupiga kafi, chombo kinachotembea kinatulia kuliko kilichosimama, geuza omo, yaani mbele ya chombo, kidogo kwenye wimbi au liache lipite chini yako kiuno kikiwa kimelegea. Siku wimbi kama hilo litapita huku umeshika chupa unakunywa maji na hujakatiza stori uliyokuwa unampigia mwenzio, hapo ndo ujue unaweza kwenda kuulizia ile kayaki nyembamba.